Kupasha moto au titresheni: ipi itakupa x sahihi katika chumvi yenye maji ya fuwele?

Fuwele za mrututu ukizitazama ni kavu kabisa. Ukizimimina kwenye karatasi hazigandani wala haziachi alama ya unyevu. Hata hivyo, zaidi ya theluthi ya uzito wake ni maji. Maji hayo hayajalowanisha fuwele kwa nje. Yamo ndani ya umbo lake, na kwa kiasi maalumu: kila moli moja ya kopa(II) salfeti imeshikana na moli tano za maji (moli ni kipimo cha kuhesabu chembe). Ndiyo maana tunaandika CuSO₄·5H₂O.

Mwanafunzi wa kemia anapoanza mada hii hapewi hiyo 5. Anapewa CuSO₄·xH₂O na kuambiwa atafute x. Kuna njia mbili kuu za kuipata. Ya kwanza ni kupasha chumvi moto, maji yaondoke, kisha upime kilichobaki. Ya pili ni kuyeyusha chumvi ndani ya maji, uhesabu kwa titresheni (kuongeza kidogo kidogo mmumunyo wa nguvu inayojulikana hadi mmenyuko ukamilike) kuna moli ngapi za chumvi yenyewe, kisha uzito uliosalia uwe ndio maji. Vitabu vingi huzieleza kila moja katika sura yake kana kwamba hazijuani. Hapa nataka kuziweka pamoja, kwa sababu nimeona wanafunzi wengi wakiishika njia moja tu na kuitumia hata mahali isipofaa.

Msimamo wangu nautoa mapema: kabla ya kufikiria kama una bureti (mrija wa kupimia wa titresheni) au una kichomeo, jiulize chumvi hiyo inafanya nini ikipata moto. Jibu la swali hilo ndilo linalochagua njia.

Njia ya moto

Uzuri wake ni kwamba unayaona maji yakiondoka. Unapima kalibu tupu (chombo kidogo kinachostahimili moto) pamoja na kifuniko chake, unatia chumvi, unapima tena. Unapasha kwa moto mdogo kwanza ili fuwele zisiruke, kisha moto wa wastani. Unaacha ipoe ndani ya desiketa, yaani chombo kilichofungwa kisichoingiza unyevu, unapima. Unarudia kupasha na kupima hadi uzito utulie, yaani vipimo viwili vinavyofuatana vilingane.

Hilo la kurudia ndilo linalodharauliwa kuliko yote, na ndipo ninapotaka tukae kidogo. Chukua gramu 2.50 za mrututu. Tuseme vipimo vya chumvi baada ya kila kupasha ni hivi: 1.72 g, 1.63 g, 1.61 g, 1.61 g.

Aliyefika mwisho ana gramu 1.61 za chumvi kavu na gramu 0.89 za maji. Moli za CuSO₄ ni uzito gawanya kwa uzito wa moli moja: 1.61 ÷ 159.6, sawa na 0.01009. Moli za maji ni 0.89 ÷ 18.0, sawa na 0.0494. Uwiano ni 4.90, na x ni 5.

Sasa mfuate yule aliyechoka baada ya kupasha mara moja. Ana gramu 1.72 za chumvi na 0.78 za maji. Moli za chumvi ni 0.01078, za maji 0.0433. Uwiano wake ni 4.02. Ataandika 4 kwa moyo mkunjufu, tena atajiona amefanya kazi safi kuliko mwenzake aliyepata 4.90, maana 4.02 iko karibu zaidi na namba kamili.

Na aliyezidisha moto? Kopa(II) salfeti ikipashwa kupita kiasi, karibu nyuzi 650 za Selsiasi, huvunjika. Hutoa gesi ya oksidi ya salfa na kubaki oksidi nyeusi ya kopa. Moto ukiulenga upande mmoja wa kalibu, sehemu ya chumvi inaweza kuanza kuharibika wakati sehemu nyingine bado haijaisha maji. Ikibaki gramu 1.50, mwanafunzi atahesabu 1.00 g ya "maji", na x itakuwa 5.91. Ataandika 6.

Chumvi moja, kalibu moja, majibu matatu: 4, 5 na 6. Yote yanaonekana nadhifu. Kwa hiyo namba kukaribia namba kamili si ushahidi kwamba kazi ilikwenda vizuri. Ushahidi ni uzito uliotulia, pamoja na rangi ya kilichobaki. Mrututu uliokauka sawasawa huwa unga mweupe, labda wenye kijivu kidogo. Ukiona bado kuna ubuluu, rudisha motoni. Ukiona weusi, tupa uanze upya. Usijaribu kuusahihisha kwa hesabu.

Kwa nini maji hayatoki yote kwa pamoja? Katika fuwele ya mrututu molekuli nne za maji zimeshikana na ioni ya kopa yenyewe, na ya tano imeshikwa kati ya salfeti kwa viungo vya haidrojeni. Nne za kwanza huwa zimeondoka kufikia takriban nyuzi 110. Ya mwisho hung'ang'ania hadi nyuzi 200 hivi au zaidi. Ndiyo maana ukikatisha mapema, nne za kwanza zikiwa zimeondoka, hesabu inaweza kukupa 3.6 hivi, nawe ukaikuza kuwa 4: hukukosea tu kidogo hapa na pale, bali umesimama kwenye kituo halisi cha njiani.

Chumvi nyingine zinazoivumilia njia hii ni bariamu kloridi, BaCl₂·2H₂O, na magnesiamu salfeti, MgSO₄·7H₂O. Bariamu kloridi huachia maji yake bila ubishi na chumvi kavu haiharibiki kwa moto wa kawaida wa maabara. Ila michanganyiko ya bariamu inayoyeyuka majini ni sumu, kwa hiyo isiguswe kwa mkono mtupu na mabaki yake yasimwagwe ovyo. Magnesiamu salfeti ina tatizo lingine: ni nyeupe kabla ya moto na nyeupe baada ya moto. Huna rangi ya kukusaidia, na chumvi kavu inafyonza unyevu wa hewa upesi. Pale, bila kupima na kupima tena, unabahatisha.

Chumvi ambazo moto unazidanganya

Njia ya moto imesimama juu ya dhana moja: kwamba kilichoondoka ni maji na maji peke yake. Dhana hiyo ikivunjika, mizani itakupa namba, lakini namba hiyo haina maana.

Magnesiamu kloridi, MgCl₂·6H₂O, ni mfano mzuri wa kuogopwa. Ukiipasha moto hewani, maji yake yenyewe humenyuka na kloridi, na gesi ya haidrojeni kloridi inatoka pamoja na mvuke. Unachopima kuwa ni maji kina asidi ndani yake, na kilichobaki chini si MgCl₂ safi tena. Aluminiamu kloridi yenye maji, AlCl₃·6H₂O, hufanya vivyo hivyo.

Salfeti ya chuma(II), FeSO₄·7H₂O, ina fuwele za kijani zinazovutia. Kwa moto mpole hupoteza maji na kufifia, lakini ukiendelea hugeuka kuwa oksidi ya chuma(III) yenye wekundu wa kutu, na gesi za dioksidi na trioksidi ya salfa zinatoka. Gesi hizo ni hatari kuvuta, na uzito unaoendelea kushuka hautulii mahali unapopahitaji.

Asidi oksaliki, H₂C₂O₄·2H₂O, ingawa si chumvi, nayo huondoka yenyewe: sehemu yake hugeuka mvuke moja kwa moja na sehemu huvunjika. Uzito utashuka na kushuka, nawe utaendelea kuhesabu asidi kama maji.

Kwa chumvi hizi usibishane na moto. Nenda kwenye bureti.

Njia ya titresheni

Hapa fikra inageuzwa. Huyagusi maji kabisa. Unapima uzito wa fuwele nzima, unaziyeyusha, unatafuta moli za chumvi kwa mmenyuko unaoujua, kisha unagawanya uzito kwa moli ili kupata uzito wa moli moja ya fuwele nzima. Ukiutoa uzito wa chumvi kavu, kinachobaki ni maji.

Mfano wake wa kawaida ni sodiamu kaboneti, Na₂CO₃·xH₂O. Unapima gramu 3.58 za fuwele safi, unaziyeyusha na kuzifikisha sentimita za ujazo 250 kwenye chupa ya ujazo. Unachukua 25.0 cm³ kwa pipeti, unaongeza matone machache ya methili oranji (kiashiria kinachobadili rangi mmenyuko unapokamilika), unatitrisha kwa asidi haidrokloriki ya 0.100 mol/dm³. Tuseme wastani wa vipimo vinavyokubaliana ni 24.90 cm³.

Moli za asidi: 0.100 × 0.02490 = 0.00249. Kaboneti moja hula asidi mbili, kwa hiyo moli za kaboneti ndani ya 25.0 cm³ ni 0.001245, na ndani ya 250 cm³ ni 0.01245. Uzito wa moli ni 3.58 ÷ 0.01245, yaani 287.6. Toa 106 ya Na₂CO₃, unabaki na 181.6. Gawanya kwa 18.0: x ni 10.09. Jibu ni 10.

Njia hii ina faida ambayo njia ya moto haina: unarudia kwa urahisi. Chupa moja ya ujazo inakupa mara tatu, nne, hata tano za kutitrisha, na kipimo kilichopotoka kinajionyesha chenyewe mbele ya wenzake. Tone moja la ziada, yaani 0.05 cm³ hivi, linasogeza x kwa takriban 0.03 tu katika mfano huu. Hilo si la kukunyima usingizi.

Hatari ya titresheni haipo sana mkononi, ipo kwenye karatasi. Mwanafunzi akisahau kwamba alichukua sehemu ya kumi tu ya mmumunyo, atapata x ya karibu 154, na mwenyewe atashtuka. Lakini akisahau ile mbili ya asidi kwa kaboneti? Moli zitakuwa 0.0249, uzito wa moli 143.8, na x itakuwa 2.10. Inaonekana kama jibu! Ataandika Na₂CO₃·2H₂O na kwenda zake. Ninapokagua kazi ya mtu, huanza na mlinganyo wa mmenyuko kabla ya kutazama tarakimu yoyote.

Salfeti ya chuma(II) inatitrishwa kwa potasiamu pamanganeti, na huhitaji kiashiria chochote: pamanganeti yenyewe ni zambarau, na tone la kwanza lisilokuwa na kazi huacha waridi hafifu. Uwiano hapa ni pamanganeti moja kwa ioni tano za chuma. Yeyusha chumvi ndani ya asidi salfyuriki iliyozimuliwa. Usitumie haidrokloriki, kwa kuwa pamanganeti inaweza kuila kloridi pia na kukuongezea ujazo wa uongo. Na usiuache mmumunyo hadi kesho. Oksijeni ya hewa hugeuza chuma(II) kuwa chuma(III), pamanganeti inakikosa, moli zinaonekana chache, na x inapanda.

Asidi oksaliki inatitrishwa kwa sodiamu haidroksidi na fenolfthalini, asidi moja kwa haidroksidi mbili. Hii ndiyo ningempa anayeanza kabisa, kwa sababu kikomo chake kiko wazi na fuwele zake hutunzika vizuri.

Lakini titresheni nayo ina mahali isipofika. Chumvi ni lazima iwe na kitu kinachomenyuka kwa uwiano unaojulikana. Bariamu kloridi haina asidi wala besi ya kukupa, na magnesiamu salfeti pia. Kuna njia za kuzunguka, kwa mfano kutitrisha kloridi kwa nitrati ya fedha, au kuifanya salfeti itue chini kama mashapo ya bariamu salfeti, kuichuja, kuikausha na kuipima. Ni njia halali na zenye usahihi mzuri, ila kwa mwanzilishi ni safari ndefu wakati kalibu ingemaliza kazi.

Uchafu unavuta pande tofauti

Hili ndilo ninalolipenda kuliko yote katika ulinganisho huu, na silioni likisemwa mara nyingi.

Chukua fuwele za sodiamu kaboneti zenye asilimia 5 ya mchanga safi mkavu. Mchanga hauungui na haumenyuki na asidi. Ukizipasha moto hadi zikauke, mchanga unabaki kwenye kalibu na kuhesabiwa kama chumvi kavu. Moli za chumvi zinaonekana nyingi kuliko zilivyo, na x inashuka: utapata 8.76. Sasa chukua fuwele hizo hizo uzititrishe. Mchanga umo kwenye uzito uliopima mwanzo, lakini hauli asidi. Moli zinaonekana chache, uzito wa moli unapanda, na x inapanda nao: utapata 10.84.

Moto unasema 9, titresheni inasema 11, ukweli uko katikati. Mtu mwenye njia moja tu angeliandika jibu lake kwa ujasiri. Mwenye njia zote mbili anajua papo hapo kwamba chumvi yake si safi.

Unyevu wa nje ni habari nyingine. Fuwele zilizotoka kuoshwa na hazijakaushwa zina maji yasiyo ya fuwele. Moto utayahesabu kama maji ya fuwele, na titresheni pia itayahesabu hivyo. Zote mbili zitapanda pamoja, kwa hiyo kulinganisha hakutakuokoa. Dawa ni kuzikandamiza fuwele kati ya karatasi za kuchujia kabla ya kupima, hadi karatasi mpya isilowane.

Na kuna kinyume chake. Fuwele za sodiamu kaboneti yenye maji kumi zikiachwa wazi kwenye hewa kavu hupoteza maji polepole na kufunikwa na unga mweupe. Ukizititrisha hizo unaweza kupata x ya 8.5. Titresheni haijakosea. Imekuambia kweli kuhusu kilichokuwa kwenye chupa siku hiyo. Kilichokosewa ni kifuniko.

Kwa moto, chumvi hiyo ina vituko vingine: kwenye nyuzi 34 tu huyeyuka ndani ya maji yake yenyewe, kisha huchemka na kurusha matone. Ukiipasha, anza kwa moto mdogo sana na kifuniko kikae karibu, la sivyo chumvi inayoruka nje nayo itahesabiwa kama maji.

Ukubwa wa x na mizani uliyo nayo

Tuseme mizani yako ina kosa la gramu 0.01 na umepasha gramu 2.00. Kwa bariamu kloridi yenye maji mawili, kosa hilo linaigeuza x kuwa kama 2.08. Kwa sodiamu kaboneti yenye maji kumi, kosa lile lile linaifikisha 10.22. Kadiri x inavyokuwa kubwa, ndivyo nafasi kati ya namba kamili mbili inavyokuwa finyu kwa kipimo chako. Kwa chumvi yenye maji saba au kumi, pima fuwele nyingi zaidi, au tumia bureti kama chumvi inaruhusu.

Tena usidhani x lazima iwe namba kamili. Jasi ni CaSO₄·2H₂O, lakini ikipashwa kwa kiasi hubaki na nusu moli ya maji kwa kila moli ya kalsiamu salfeti, na huo ndio unga unaotengenezewa plasta. Ukipata 0.5 usiikuze kuwa 1 kwa sababu tu nusu inakukera.

Njia za maabara kubwa, kwa ufupi

Kuna mashine inayopasha chumvi taratibu huku mizani ikiandika uzito kila wakati. Mrututu ukiwekwa humo unaonyesha ngazi tatu: maji mawili, mawili mengine, kisha moja. Kila ngazi ya maji mawili ni asilimia 14.4 ya uzito wa mwanzo, na ya mwisho ni 7.2. Ndiyo njia ya moto ile ile, isipokuwa hapa kila kituo cha njiani kinaonekana.

Nyingine ni titresheni ya Karl Fischer, iliyotolewa mwaka 1935, ambayo hutitrisha maji yenyewe kwa iodini na dioksidi ya salfa, moli moja ya iodini kwa moli moja ya maji. Inakamata maji hata yakiwa kidogo sana, ila nayo haitofautishi maji ya fuwele na unyevu wa nje. Hizi mbili anayeanza azijue tu kwamba zipo.

Kwa hiyo uchague ipi?

Kama chumvi ni mrututu, bariamu kloridi au magnesiamu salfeti, tumia moto, na usisimame kabla uzito haujatulia mara mbili. Kama ni salfeti ya chuma(II), asidi oksaliki, au chumvi yoyote inayotoa gesi nyingine ikipashwa, tumia titresheni bila kusita, hata kama kalibu ndiyo iliyo karibu na mkono wako. Magnesiamu kloridi usiipashe. Titrisha kloridi yake kwa nitrati ya fedha.

Kama ni sodiamu kaboneti, nashauri titresheni iwe ndiyo kazi yenyewe, na moto uwe shahidi. Tenga gramu mbili za fuwele zile zile siku ile ile, uzipashe pembeni huku ukitayarisha mmumunyo. Majibu yakikubaliana, andika fomula. Moto ukishuka na titresheni ikipanda, usitafute wastani wa mawili hayo. Yeyusha fuwele zilizobaki ndani ya maji ya moto kiasi kidogo, chuja, acha zijijenge upya polepole zikipoa, zikaushe kwa karatasi ya kuchujia, kisha rudi kwenye mizani.